Cherehani ya Aliyesafiri

Mtaa wa Sserwadda, Kampala
12 Mei 2023

Mbambu mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kuuguza. Mimi nimeshindwa na simu. Jana nilipiga nikakusikia ukisema "halo, Yaya, halo," kama mnavyowaita dada wakubwa huko kwenu, halafu kimya, halafu mwanamke wa mtandao akanisemesha Kifaransa, na mpaka sasa sijui kama alinisalimia au alinitukana. Basi nimerudi kwenye kalamu. Tarcisio, dereva wa basi la Kasindi, amekubali kunibebea barua, na ndugu yake atazifikisha Butembo.

Wameanza! Unakumbuka kila mwaka walivyotuambia mtaa wetu utatengenezwa, nasi tukicheka mpaka sindano zinatuchoma? Safari hii hawatanii. Jumatatu tulikuta mitaro imechimbwa kuanzia duka la vyombo mpaka msikitini, na magari yamezuiwa. Watu wa mradi wanasema hakuna gari litakalopita hapa tena. Watatandika matofali ya kutembelea, watasimamisha taa, watapaka rangi majumba yote ya zamani ya Wahindi, na maji machafu yatapita chini. Kwa sasa yanapita juu, na pasipo na maji pana vumbi. Gauni la gomesi la mteja wetu Mama Nabangala limebadilika rangi likiwa bado kwenye hanga, naye amenigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyeshika sururu.

Mafundi wengi wamehama. Kaka yangu Swaib ananiita Kisenyi, ana kona dukani kwake, pale kwenye magereji. Nimemwambia hapana. Nikiondoka, nani atakufungulia?

Maana desturi ya baraza letu siisahau mimi. Kila asubuhi nafungua cherehani yako kwanza, natandika kitambaa, naweka kiti, ndipo nafungua yangu. Ya aliyesafiri hutangulia, ndivyo tulivyowakuta mafundi wa zamani wakifanya, na fundi ambaye cherehani yake imekaa imefungwa huyo wanamhesabu amehama. Yako haijafungwa. Wateja wako nawashonea mwenyewe, nawaambia Mbambu amekwenda kumwangalia mama yake, anarudi.

Rudi basi, wee Mkongo. Baraza limepoa. Siku hizi nasikiliza mawaidha redioni na hakuna anayeimba mapambio juu yake kwa makusudi.

Yaya wako,
Halimah

*

Butembo
3 Julai 2023

Yaya Halimah mpendwa,

Bwana asifiwe. Najua umeguna, lakini nimesema.

Barua yako imefika ikinuka samaki wa chumvi, sijui huyo ndugu yake Tarcisio aliiweka gunia gani. Nimeisoma mara nyingi hivyo hivyo. Mama hasimami tena, ila anakula kidogo. Mji umejaa watu waliokimbia vijiji vyao, kila nyumba ina wageni sebuleni. Nashona sare za shule kwa cherehani ya kuazima inayoruka mishono, na kila ikiruka naikumbuka yangu.

Yaya, usiniondolee kiti changu. Nakuomba sana. Nilifikiri nimekuja nyumbani, kumbe kaka zangu wamekwisha gawana shamba, na nikiuliza wananiambia, "Wewe si wa Uganda wewe?" Na huko Uganda mimi ni mkimbizi. Nikijiuliza mahali pangu duniani ni wapi, naona ile nguzo ya tatu ya baraza, pale uliposogeza cherehani yako siku ile nimekuja kutoka Namuwongo na yangu kichwani, jasho likinitiririka, na mafundi wote wamegeuza nyuso. Wewe hukunijua hata jina. Ulisema tu, "Weka hapo, itaenea."

Mama akipata nafuu narudi. Nishikie.

Mdogo wako,
Mbambu

*

Mtaa wa Sserwadda
20 Novemba 2023

Mbambu wangu,

Tarcisio amenifikishia habari za kifo cha mama. Mungu amlaze pema. Nilisoma dua yangu, na Mungu wetu ni mmoja, atajua mwenyewe pa kuipeleka.

Huku kazi inakwenda kwa mwendo wa konokono. Mvua zilipokuja mitaro ikajaa, wakasimama. Zilipokwisha, mashine yao ikaharibika, wakasimama tena. Nashona siku mbili, napumzika tatu. Lakini usijali, nafungua.

Sasa sikia neno lenyewe. Mtaa ukimalizika hawataki tena msongamano barazani. Kila nguzo fundi mmoja tu, na fundi awe na kadi. Watapita kuandikisha, na atakayekutwa na cherehani yake ndiye. Wanasema labda mwezi wa tatu.

Kwa hiyo nakuuliza kama dada. Mama amepumzika, nini kinakushika huko? Kama unakuja, njoo mapema. Kama mambo yamegeuka na huji tena, sema tu, sitanuna. Nikijua, najipanga.

Yaya wako,
Halimah

*

Butembo
4 Februari 2024

Yaya mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Baada ya mazishi kumekuwa na mambo mengi ya ukoo, vikao juu ya vikao, siwezi kuyaandika yote. Watu wa parokia wametusimamia vizuri, hasa mzee mmoja, Ambroise, mfanyabiashara wa mbao, mjane. Mama alimpenda sana.

Uliniuliza nini kinanishika. Ni hayo hayo ya nyumbani tu. Nitakuja baada ya Pasaka, Mungu akipenda. Nishikie mahali pangu, Yaya, usichoke na mimi.

Mdogo wako,
Mbambu

*

Mtaa wa Sserwadda
19 Machi 2024

Dada Ayesha, huko Bombo,

Nakuandikia kwa kuwa simu huisikii, na ukiisikia unajibu ambalo hukuulizwa. Ramadhani karimu. Soma barua hii peke yako, na kaka Swaib usimwambie mpaka nimwambie mwenyewe, maana atasema "nilikuambia," na sina nguvu za kulisikia hilo na funga hii.

Waandikishaji walipita jana. Walikuja wawili na mwenyekiti wetu wa mafundi. Nilikuwa nimekaa katikati ya cherehani mbili kama kawaida, yangu na ya Mbambu, zote wazi. Mmoja wa wale wawili akasimama mbele yangu akauliza, "Hapa pa nani?" Dada, miaka yote hii mkono wangu unafungua ya aliyesafiri kwanza, basi na mdomo ukafuata mkono. Nikasema, "Hapa pa Mbambu, amefiwa na mama, anarudi baada ya Pasaka, namshikia." Mwenyekiti akathibitisha. Yule bwana akaandika. Nikasema, "Na hii ndiyo yangu." Akanitazama. "Mama, nguzo ni moja na mtu ni mmoja. Umenijibu tayari." Nikamwambia mimi nipo hapa kabla ya Mbambu, kabla hata ya huyo mwenyekiti. Akasema kwa upole tu, "Basi nifute Mbambu nikuandike wewe? Sema sasa hivi, nina mtaa mzima mbele yangu."

Niseme nini mimi? Mtoto wa watu amefiwa, ameniandikia nimshikie, ndugu zake wamemnyang'anya shamba. Nikasema, "Muache." Nikaulizia nguzo nyingine, zote zina watu. Wakaenda zao.

Kwa sasa nakaa pale kama msaidizi wa Mbambu, hakuna anayenisumbua. Akija tutabanana, au nitatafuta pengine. Mimi mwenyewe sijui. Nimelia, dada, nikiwa nimefunga, sijui kama funga yangu ilisimama. Tangu marehemu mume wangu Abudu aninunulie cherehani ile sijawahi kukaa mahali pengine.

Usinijibu kwa ukali.

Mdogo wako,
Halimah

*

Mtaa wa Sserwadda
10 Aprili 2024, siku ya Idi

Mbambu wangu,

Vigelegele! Umepata. Kadi yako ninayo mimi, imeandikwa jina lako lote, nguzo ya tatu. Wamesema mwenye kadi akichelewa anaweza kumweka ndugu yake wa damu, lakini wewe huna haja, unakuja.

Matofali yamefika kwenye duka la vyombo. Majumba mawili yamepakwa rangi, na mwaka ulioandikwa juu ya jumba la kona, ule uliokuwa umefichwa na mabango, unasomeka. Nimeshona chini ya jumba hilo nusu ya maisha yangu na sikujua kuwa lina mwaka.

Pasaka imepita. Nakuangalia kila basi la Kasindi linapoingia. Mimi usinihofie, nipo, nashona.

Yaya wako,
Halimah

*

Butembo
28 Agosti 2024

Annick mwanangu, hapo Namuwongo,

Mama yako ameniambia umemaliza mafunzo ya ushonaji na unazunguka na vyeti mkononi bila mahali pa kukaa. Mimi nina mahali. Kwenye mtaa mpya wa Sserwadda kuna nguzo yenye kadi ya jina langu. Wewe ni damu yangu, wanaruhusu. Mtaa ukifunguliwa, nenda.

Mimi sitarudi Kampala. Wewe unajua, ulipata picha za ndoa. Lakini Mama Halimah hajui. Usinicheke. Mara ngapi nimeshika kalamu nimwambie! Ilikuwa Januari, harusi imepita, barua yake ikiwa mezani inaniuliza kama narudi. Mtu anayekula vumbi ili anifungulie cherehani kila asubuhi, nimwambie nimeolewa, nimekaa? Nilisema nitamwambia Pasaka. Pasaka ikapita. Kila barua niliyoikawiza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Yeye atakuwa kwenye nguzo ya jirani, ana mahali pake tangu zamani. Msikilize. Hakuna anayekata gomesi kama yeye Kampala nzima. Nitamwandikia leo kwamba unakuja, na hayo mengine nitamwandikia polepole.

Mama yako mdogo,
Mbambu

*

Butembo
28 Agosti 2024

Yaya mpendwa,

Mambo ya huku bado yananifunga. Ili mahali pasikae bure, namtuma Annick, mtoto wa dada yangu, akae kwenye nguzo yangu mtaa ukifunguliwa. Atakuwa ubavuni mwako. Mfundishe, na akikosea mchape. Nafurahi sana nikiwaza nyinyi wawili mkiwa jirani pale, utafikiri nami nipo.

Mdogo wako,
Mbambu

*

Namuwongo, Kampala
16 Februari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba mnaendelea vizuri. Nakuandikia kwa sababu sitaki uyasikie haya kwa sauti inayokatika.

Mtaa ulifunguliwa mwezi uliopita, kwa ngoma na watu wengi sana. Nilienda Jumatatu iliyofuata. Mama Halimah alinipokea kama mtoto wake. Alikuwa amefuta vumbi kwenye cherehani yako, ameweka mafuta, na kadi ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Alinipeleka kwa kila fundi akasema, "Huyu ni wa Mbambu, asisumbuliwe." Kisha akainua cherehani yake mwenyewe kuipakia kwenye bodaboda. Nikamwuliza, "Mama, unaipeleka kutengenezwa?" Akasema, "Naipeleka kwa kaka yangu." Nikadhani ni kwa siku moja.

Hakurudi. Nikauliza majirani nguzo yake ni ipi, wakaniambia nikamwulize mwenyekiti. Ndipo mwenyekiti akaniambia yote. Mama mdogo, hana nguzo. Siku ya kuandikisha alitaja jina lako akakosa lake. Waliuliza wamfute Mbambu, akakataa. Alikuwa anashonea mahali pako, nami nikaja nikamtoa, tena nikamshukuru!

Kuna lingine, na hili ni kosa langu. Siku ile kabla hajaondoka aliniuliza habari zako, nami kwa furaha nikamwonyesha picha za ndoa kwenye simu. Nilifikiri umekwisha mwandikia. Alizitazama moja moja. Akasema, "Amependeza." Halafu akauliza harusi ilikuwa mwezi gani. Nikamwambia Januari ya mwaka jana. Akarudia, "Januari," akanirudishia simu.

Nifanye nini? Kila nikikaa pale naona haya. Nimemfuata Kisenyi nimrudishie, akanipa chai akanifukuza.

Mwanao,
Annick

*

Butembo
11 Machi 2025

Yaya Halimah,

Annick ameniandikia. Nimeolewa, ndiyo, na Ambroise, na sikukuambia. Niliogopa utaona nimekutupa. Kila siku nilisema kesho.

Lakini Yaya, na wewe! Uliniandikia "usinihofie." Nikashangilia kadi kama mjinga. Kwa nini hukuniambia hata neno moja? Ningekuandikia siku hiyo hiyo, chukua, pako, pamekuwa pako siku zote.

Nimemwambia Annick atoke. Rudi pale, nakupigia magoti. Nimempa Tarcisio kitenge, si malipo, ni mkono wa pole tu nisioweza kuuleta mwenyewe.

Mbambu

*

Kisenyi, Kampala
9 Mei 2025

Mbambu,

Kitenge kimefika, asante. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na nilitaka ipungue kwanza. Imepungua kidogo.

Hongera ya ndoa. Ungeniambia Januari ile ningepiga vigelegele mpaka Kisenyi nzima ijue kuna Mkongo ameolewa. Hilo linaniuma kuliko nguzo, wallahi. Nilikuuliza kwa maandishi yangu, nikasema sitanuna. Wewe ukaniambia Pasaka. Mimi nikasimama mbele ya watu wa mradi, mdomo umekauka kwa funga, nikawaapia kwamba Mbambu anarudi, na wewe wakati huo ulikuwa jikoni kwa mumeo.

Nami si mwema hivyo, usinipambe. Ningekuandikia siku ile ile kwamba nimekosa nguzo, leo ningekuwa pale. Niliona nikikuambia utadhani nakuomba mahali pako, nikaona aibu. Kumbe hukupahitaji! Banange, jamani, watu wazima wawili, kila mmoja anamhurumia mwenzake kimyakimya, mpaka hakuna aliyebaki barazani.

Usimtoe Annick. Nimemwambia na yeye. Nikimtoa atarudi kuzunguka na vyeti, na mimi nitakaa pale nikimuona yeye kila nikikanyaga cherehani. Kola zake zinapinda lakini atajifunza, nimemwambia aje Jumapili nimwonyeshe. Mimi nashona mafuniko ya viti vya magari. Ngozi ya bandia inauma vidole, na wateja wangu ni makanika, hawavai gomesi. Swaib hajasema "nilikuambia." Namuona anavyojizuia.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya mchana, nilipita mtaani kwetu. Sikuwa nimekanyaga tangu siku ile. Mbambu, pamependeza, siwezi kusema uongo. Hakuna vumbi. Watoto wanakimbia katikati ya barabara na hakuna anayewapigia honi. Wameweka mabenchi, nikakaa kwenye moja linalotazama baraza. Annick alikuwa na wateja watatu, hakuniona.

Nikakaa mpaka kijana wa ulinzi akanijia, kwa adabu sana, akaniuliza, "Mama, kuna mtu unamsubiri?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo, kwa mazoea. Nikamwambia hapana, simsubiri mtu. Nikainuka nikaondoka.

Halimah